Miaka Baada ya Kisu: Mzizi wa Aota katika Ukanda wa Dhahabu

Damu yote inayoulisha mwili wa binadamu, kuanzia ubongo hadi ncha za vidole vya miguu, hutoka moyoni kwa mlango mmoja tu, na mlango huo ndio wataalamu wanaouita mzizi wa aota. Aota yenyewe ni mshipa mkuu wa damu, mnene kuliko dole gumba la mtu mzima, unaopanda kutoka upande wa kushoto wa moyo, ukajipinda kama mpini wa mwavuli, kisha ukateremka mbele ya uti wa mgongo hadi tumboni. Mzizi wake ni sehemu fupi ya mwanzo, yenye urefu wa sentimita chache, ambayo ndani yake mna valvu, yaani kilango kinachofunguka moyo unaposukuma damu na kujifunga ili damu hiyo isirudi ilikotoka, na ndiko pia inakoanzia mishipa miwili midogo ya koronari inayoulisha moyo wenyewe. Upasuaji wa kubadilisha sehemu hiyo ni miongoni mwa kazi nzito kuliko zote katika tiba ya moyo. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba kazi hiyo huchukua saa chache, ilhali matokeo yake hupimwa kwa miaka 10, 20 na hata 30, na kwa mgonjwa anayeishi Kahama, Mwakitolyo, Nyarugusu au Chato, katika ukanda wa dhahabu wa mikoa ya Shinyanga na Geita nchini Tanzania, miaka hiyo huamuliwa zaidi na yanayotendeka nyumbani, dukani na kazini kuliko yaliyotendeka juu ya meza ya upasuaji.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mzizi wa aota huwa na kipenyo cha sentimita 3 hadi 4 hivi. Nguvu ya ukuta wake hutokana na nyuzi zinazonyumbuka kama mpira, na nyuzi hizo zikidhoofika, mshipa hutanuka polepole, mara nyingi bila maumivu wala dalili yoyote, mfano wa tairi la baiskeli linalotokeza uvimbe pale lilipochakaa. Kutanuka huko huvuta kingo za valvu mpaka vipande vyake visifikiane, damu ikaanza kuvuja kurudi moyoni, na mgonjwa akaanza kuchoka na kuhema. Lakini hatari kubwa zaidi ni kuchanika kwa tabaka la ndani, ambapo damu hujipenyeza katikati ya ukuta na kuuchana mshipa kwa urefu wake. Maumivu yake huja ghafla, makali kama ya kuchomwa kisu, yakianzia kifuani na kuhamia mgongoni, na kwa muda mrefu vitabu vya tiba vimekadiria kwamba, katika siku mbili za mwanzo, kila saa inayopita bila upasuaji huondoka na mgonjwa 1 au 2 katika kila 100. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam, ambako mara nyingi safari ya kutafuta upasuaji huo huishia, ni takribani kilomita 1,000. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya madaktari washauri mzizi ubadilishwe mapema, kipenyo kinapofikia sentimita 5 hadi 5.5, mgonjwa angali anatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Sababu za kutanuka ni kadhaa, na inayowagusa watu wengi zaidi ni shinikizo la damu, ambalo wengi hulitaja kwa jina la presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mtu mmoja katika kila wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa nalo. Kaswende isiyotibiwa, ambayo kabla ya kupatikana kwa penisilini ilikuwa sababu kubwa ya maradhi ya aota duniani, huanza kuula mshipa huu miaka 10 hadi 30 baada ya maambukizi, na ni kosa kuisahau katika miji ya machimbo ambako watu huja na kuondoka kila msimu. Wapo pia wanaozaliwa na valvu yenye vipande viwili badala ya vitatu, na wapo wanaozaliwa na tatizo la Marfan, lililopewa jina la daktari Mfaransa Antoine Marfan aliyelieleza mwaka 1896. Tatizo hili hutokana na hitilafu katika kinasaba kinachotengeneza fibrilini, protini inayoshikamanisha nyuzi za mwili, na mwenye nalo aghalabu huwa mrefu kuliko ndugu zake, mwembamba, mwenye mikono na vidole virefu, macho yasiyoona mbali na kifua kilichobonyea au kuchomoza. Hukadiriwa kumpata mtu 1 katika kila 5,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu karibu milioni 3 mkoani Geita na zaidi ya milioni 2.2 mkoani Shinyanga, na kwa kadirio hilo mikoa hii miwili peke yake inaweza kuwa na watu wapatao 1,000 wenye Marfan, ambao wengi wao bila shaka hawajawahi kusikia jina hilo.

Kukosekana kwa jina kuna gharama yake. Kijana mrefu aliyeamka mzima, akaenda machimboni na kufa kabla ya saa sita mchana huiachia familia swali lisilo na jibu, na Usukumani, yaani nchi ya Wasukuma wa ukanda huu, swali la namna hiyo limewahi kujibiwa kwa panga. Tangu miaka ya 1970 wanawake wazee wengi wameuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa tuhuma za uchawi, na miongoni mwa vilivyohesabiwa kuwa ushahidi ni macho mekundu, ambayo kwa kawaida ni matokeo ya miaka mingi ya kupikia kuni na samadi kavu katika jiko lililojaa moshi. Si kila kifo cha ghafla hutokana na aota, kwani kuna kiharusi, kuna kuziba kwa mishipa ya koronari na kuna hitilafu za umeme wa moyo, kama ile iliyotangazwa mwaka 2021 kuwa chanzo cha kifo cha Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato. Hata hivyo, kila ugonjwa unaotajwa kwa jina lake humwondolea bibi kizee mmoja hatari ya kunyooshewa kidole, na hiyo ni faida ya elimu ya moyo ambayo haimo katika vitabu vya tiba.

Upasuaji wenyewe una historia fupi. Mwaka 1968 Hugh Bentall na mwenzake De Bono, wa Hospitali ya Hammersmith jijini London, walieleza njia ya kukata mzizi wote ulioharibika na kuweka mahali pake mrija wa kitambaa maalumu ulioshonewa valvu bandia, kisha kuirudisha mishipa ya koronari na kuishona katika mrija huo mpya. Katika muda wote huo moyo husimamishwa, na mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu. Baadaye Magdi Yacoub, daktari wa Misri aliyefanya kazi Uingereza na ambaye leo jina lake linajulikana pia kwa kituo cha moyo cha Aswan, na Tirone David wa Toronto, aliyechapisha njia yake mwaka 1992, walionyesha kwamba valvu ya mgonjwa mwenyewe ikiwa bado nzima inaweza kuachwa, ukabadilishwa mshipa peke yake. Nchini Tanzania upasuaji wa moyo ulianza katika Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam mwaka 2008, na mwaka 2015 huduma hiyo ikawa taasisi inayojitegemea, yaani Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India. Mgonjwa wa Shinyanga au Geita kwa kawaida huanzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, akapitia Bugando, hospitali ya kanda iliyoko juu ya kilima jijini Mwanza, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato, na mara nyingi safari yake huishia Dar es Salaam.

Kuhusu yanayofuata baada ya hapo, takwimu za kuaminika zipo. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2016 ulikusanya tafiti 46 zenye wagonjwa 7,629 waliofanyiwa upasuaji wa Bentall, na ukaonyesha kwamba wagonjwa 6 katika kila 100 walifariki karibu na wakati wa upasuaji. Miongoni mwa waliovuka kipindi hicho, katika kila wagonjwa 100 walifariki takribani 2 kwa mwaka. Waliotokwa na damu nyingi au kupata bonge la damu lililosafiri mwilini hawakufikia mmoja kwa mwaka kwa kila tatizo. Na waliolazimika kupasuliwa tena katika mzizi uleule walikuwa chini ya nusu ya mmoja kwa mwaka. Kwa wenye valvu yao wenyewe, taarifa za Toronto zinaonyesha kwamba baada ya miaka 20 zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi walikuwa hawajarudi mezani kwa ajili ya valvu hiyo. Kwa watu wa Marfan mabadiliko ni makubwa zaidi: utafiti wa mwaka 1972 ulikuta kwamba waliokufa kwa tatizo hilo walikufa wakiwa na wastani wa umri wa miaka 32, ilhali leo anayetambuliwa mapema na kutibiwa anaweza kutarajia kuzeeka na kuwaona wajukuu. Utafiti mwingine wa mwaka 1999, uliofuatilia wagonjwa 675 wa Marfan, unastahili kubandikwa katika kila kliniki ya presha, kwa kuwa ulionyesha kwamba waliopasuliwa kwa kupangiwa siku walifariki 1.5 katika kila 100 ndani ya siku 30, na waliopasuliwa kwa dharura walifariki karibu 12. Ugonjwa ni uleule na mafundi ni walewale, lakini wakati umewatenganisha.

Takwimu hizi, hata hivyo, zimekusanywa zaidi katika nchi ambako maabara iko karibu na nyumba ya mgonjwa, na hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Valvu bandia ni za aina mbili. Ya kwanza imetengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe. Haihitaji dawa nzito ya kudumu, lakini huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15, na mapema zaidi kwa kijana. Ya pili watu huiita ya chuma, ingawa vipande vyake vinavyofunguka ni vya kaboni ngumu. Hiyo huweza kudumu maisha yote. Katika utulivu wa usiku, anayelala karibu na mwenye valvu hiyo husikia mlio mdogo usiokoma, mfano wa saa ya mkono iliyowekwa chini ya mto, na familia nyingi huuzoea mlio huo kiasi cha kutousikia tena. Ni vyema wasiuzoee kupita kiasi, kwa sababu mlio ukififia au ukitoweka, yawezekana bonge la damu limeanza kuibana valvu, na mgonjwa hapaswi kusubiri asubuhi.

Ili bonge hilo lisifanyike, mwenye valvu ya aina hii humeza kila siku dawa iitwayo warfarini, inayopunguza kasi ya damu kuganda, na humeza mpaka mwisho wa maisha yake. Warfarini ni dawa nzuri na ni dawa ngumu, kwani kidogo ikipungua damu huganda kwenye valvu na kuleta kiharusi, na kidogo ikizidi mgonjwa huvuja damu tumboni au ubongoni. Kipimo cha kuiongoza huitwa INR, nacho hueleza damu ya mgonjwa inachelewa mara ngapi kuganda ikilinganishwa na ya mtu asiyetumia dawa. Kwa mwenye valvu ya aota madaktari kwa kawaida hutaka namba iwe kati ya 2 na 3, ipimwe kila wiki mwanzoni, kisha kila mwezi hali ikitulia. Mgonjwa aliyepasuliwa vizuri kabisa, akarudi kijijini na paketi ya warfarini bila mahali pa kupimia INR, amerudishwa na nusu ya tiba, na nusu aliyopewa ndiyo inayoweza kumdhuru.

Chungu cha nyumbani nacho kina neno katika namba hiyo. Vitamini K, iliyomo kwa wingi katika majani ya kijani, hupunguza nguvu ya warfarini. Katika kaya ya Kisukuma msimu wa mvua huleta mlenda, mchicha, matembele na majani ya kunde mabichi karibu kila siku, na kiangazi mboga hizo zikiadimika watu hurudi kwenye nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa na kuwekwa akiba, na kwenye michembe ya viazi vitamu. Mgonjwa aliyepangiwa kipimo cha dawa mwezi Machi akila mboga sahani nzima anaweza kujikuta mwezi Septemba, kwa vidonge vilevile, ana damu inayochelewa mno kuganda. Kumkataza mboga ni kumnyima chakula chake na hakusaidii. La msingi ni ale kiasi kinacholingana mwaka mzima, na msimu unapogeuka apimwe mapema.

Hatari kubwa kuliko mboga imo katika duka la dawa. Diklofenaki, inayonunuliwa kama karanga na watu wanaoumwa mgongo kwa kuponda mawe, hukwangua tumbo na ikichanganyika na warfarini huweza kuleta damu inayoua. Metronidazoli ya tumbo, ko-trimoksazoli ijulikanayo kwa jina la Septrin na flukonazoli ya fangasi hupandisha INR kwa kiasi kikubwa, ilhali rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huishusha hata dozi ya kawaida ya warfarini ikawa kama maji. Jambo hili la mwisho si dogo katika ukanda huu, kwa sababu vumbi la mawe ya dhahabu huharibu mapafu na kuyafungulia mlango wa kifua kikuu, na mchimbaji mwenye valvu bandia anayeanza dawa za kifua kikuu bila kliniki ya moyo kuarifiwa yumo hatarini, na yumo hatarini tena siku anapozimaliza, kwa kuwa INR hupanda upya. Dawa za mitishamba hazina kipimo kinachojulikana, na anayezitumia na amwambie daktari bila kuona haya, naye daktari asimkemee, maana mgonjwa anayekemewa hujifunza kuficha.

Kazi ni swali linaloumiza zaidi. Mtu anapobeba mzigo mzito huku amebana pumzi, shinikizo la damu linaweza kupanda kwa sekunde chache likazidi 300, na pigo hilo hufikia sehemu ya aota iliyobaki baada ya mrija bandia, ambayo kwa mwenye Marfan au presha ni dhaifu vilevile. Katika machimbo madogo ya Rwamagasa, Nyarugusu au Mwakitolyo, kuvuta viroba vya mawe kutoka duarani, yaani shimoni, na kuvipeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ndiyo kazi yenyewe, na jeraha la kawaida la sururu au jiwe lililoporomoka huweza kuwa jeraha la kifo kwa anayetumia warfarini. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa, kama Geita au Bulyanhulu, ana kinga fulani, kwani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, na anaweza kuombewa kazi nyepesi. Mchimbaji mdogo hana wa kumwombea. Hukumu ya haki ni kwamba aliyebadilishiwa mzizi wa aota asirudi duarani kamwe, na kwamba wanaoshirikiana naye katika shimo hilo, wanaojua kugawana viroba kwa haki hata gizani, wamtafutie nafasi ya juu: kuandika hesabu, kusimamia mzani au kuuza vifaa. Kutembea, kulima bustani na kuendesha baiskeli taratibu kwenye tambarare si haramu kwake, tena kunamfaa.

Kwa mwanamke kijana uchaguzi wa valvu ni mzito kuliko ilivyo kwa mwanamume, na haufai kufanywa bila yeye kuelezwa yote. Warfarini huweza kulemaza mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, na kuiacha ghafla kwa hofu hiyo huhatarisha valvu na mama mwenyewe. Ndiyo maana mwenye matumaini ya kuzaa huweza kushauriwa valvu ya tishu, akijua wazi kwamba atapasuliwa tena, au njia ya kuhifadhi valvu yake ikiwa inawezekana. Mwenye Marfan ambaye mzizi wake umeshazidi sentimita 4.5 hushauriwa asibebe mimba kabla ya kutibiwa. Mashauri haya yamhusu mume na mama mkwe pia, katika jamii ambayo mwanamke asiyezaa huulizwa maswali kila siku.

Meno nayo yasipuuzwe. Bakteria kutoka kwenye jino lililooza wanaweza kuingia katika damu na kukaa juu ya valvu bandia, hali iitwayo endokaditisi, na homa isiyoisha kwa mgonjwa wa namna hii isitibiwe kama malaria wiki baada ya wiki. Kabla ya kung'oa jino amwambie mganga wa meno kwamba ana valvu bandia, ili apewe dozi ya antibayotiki kwanza. Presha ishushwe na ibaki chini, na aota nzima itazamwe kila mwaka kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, na kwa skani ya CT pale inapopatikana. Tena, kwa kuwa kila mtoto wa mwenye Marfan ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi ugonjwa huo, mgonjwa mmoja anayegunduliwa ni sababu ya kuwapima watoto wake, ndugu zake na wazazi wake.

Yote haya hayahitaji hospitali mpya. Nchini Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera, hospitali za wilaya za vijijini kama Rwinkwavu zimekuwa na kliniki zinazosimamiwa na wauguzi waliofunzwa, ambamo waliopasuliwa moyo hupimwa INR na kurekebishiwa dozi karibu na nyumbani kwao. Mwaka 2022 nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ziliafiki mkakati wa kueneza huduma ya aina hiyo. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea mgonjwa wa Geita foleni ya kivuko anapokwenda Bugando, lakini safari ya kila mwezi kwa ajili ya tone moja la damu bado ni nauli ambayo wengi hawana. Mashine inayosoma INR kutoka katika ncha ya kidole hutoshea kiganjani na hutoa jibu kwa dakika chache. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inawataka wenye leseni za uchimbaji waandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri za maeneo yao. Halmashauri za Geita, Msalala na jirani zake, zitakapoketi na migodi kuupanga mpango wa mwaka ujao, ziandike humo mashine hizo, vifaa vyake vya kupimia vya mwaka mzima, na mafunzo ya wauguzi wawili kwa kila hospitali.